Mshale Uangalie Juu

Machi 2

Mtu anayelaza bomba la matope ndani ya friji yangu, ubavuni mwa maziwa ya watoto, hana adabu. Wala sisemi kwa mafumbo. Ni wewe, mjukuu wangu, niliyekulea humu ndani baada ya mama yako kufariki, nikakusugua magaga mpaka ukang'aa. Nilikusomesha ili uachane na matope. Umesoma ukamaliza madarasa yote ya dunia, na umenirudia na matope yaleyale kwenye bomba.

"Bibi, chumba cha baridi chuoni kimeharibika. Yakipata joto yanaota ukungu."

"Matope?"

"Yana uhai ndani."

"Na maziwa yangu je? Toa!"

Ametoa huku amenuna. Sasa mabomba yamelala stoo, sakafuni, yamefunikwa magunia mabichi kama wagonjwa wa homa. Ni mabomba ya plastiki tu, kama ya fundi bomba, urefu wa mkono wangu mpaka begani, yamezibwa ncha zote mbili. Kila moja limechorwa mshale. Nimeuliza wa nini. Anasema wanakwenda na mashua, wanalididimiza bomba kwenye sakafu ya ziwa, wanalichomoa na matope ndani yamepangana vilevile yalivyolala. Ya chini ndiyo ya kale, ya juu ndiyo ya juzi, na mshale unaonyesha juu ni wapi. Hapo anasoma miaka ya mvua na miaka ya ukame, toka kabla ya babu wa babu yangu. Nikamwambia mimi nikitaka kujua kama kuna mvua huwa natoka nje.

Kanikamata hapohapo. Ameweka kikombe cha kupimia mvua uani, akanipa daftari, kila asubuhi niangalie niandike. "Mvua tu, Bibi." Nitaandika nitakacho. Darasa la watu wazima nililisoma nikiwa na mvi tayari, kila herufi nimeitolea jasho, siwezi kuzitumia kwa mvua peke yake.

Kikombe kikavu.

Machi 4

Kikavu. Vumbi na mdudu mmoja.

Machi 6

Kikavu. Mwanangu mkubwa amekuja kunisalimia. Ni seremala, na sisemi kwa kuwa ni wangu: hakuna mlango wake uliowahi kupinda. Alipoingia tu akapiga kelele, "Daktari wa Matope! Wagonjwa wanaendeleaje?"

"Mjomba, niache."

"Usiwakasirishe. Hao ndio wamenipa nyumba."

Ni kweli. Nyumba yake iko Uwandani, ile ardhi tambarare chini yetu, iliyoachwa na ziwa miaka ya ukame. Nilipoolewa pale palikuwa maji. Niliona lilivyoondoka. Liliondoka kama mgeni anayeaga mlangoni: ananyanyuka, anakaa tena, anakumbuka habari nyingine, mpaka unashangaa kumbe ameshakwenda. Mwaka jana mwanangu alipotaka kujenga aliuliza mezani hapa, mbele yetu sote, "Wewe msomi, hili ziwa halirudi?" Mjukuu wangu akajibu kwa kujiamini, kijiko hewani, "Lilishaondoka hivi zamani sana, Mjomba, na matope yanaonyesha lilirudi. Lakini polepole. Wajukuu zako watazeeka kabla halijagusa mlango."

Basi. Akajenga nyumba, akajenga karakana. Na alivyo na mdomo, akawaambia watu wote, mpwa wangu amesema, mpwa wangu amepima. Watu wakamfuata. Sasa pale ni mtaa. Kila mlango wa Uwandani ni kazi ya mkono wake. Nikisimama uani kwangu naona mabati yao yanavyong'aa, na moyo wangu unajaa. Huyu nilimzaa mimi.

Machi 11

Mvua! Ya kwanza. Udongo umenukia mpaka jikoni. Mjukuu wangu ametoka na kanga kichwani kusoma kikombe, anarukaruka kama mbuzi. Nimemwambia atateleza. Ameteleza.

Machi 12

Mvua.

Machi 13

Mvua.

Machi 15

Mvua. Kikombe kilifurika, nimeandika "kimejaa", hataki, anataka mstari. Nimemwambia mstari umezama, nenda kauulize.

Machi 18

Nimeteremka Uwandani kuwaona wajukuu. Goti limenitukana njia nzima. Mkwe wangu alinipokea vizuri, yule msichana ana heshima ingawa chai yake ni maji ya moto. Mtoto wao mdogo ameanza kutambaa, anapita sakafuni kama gari bovu.

Nilitembea mpaka ukingoni mwa ziwa. Nikaona nyasi zimesimama ndani ya maji. Nyasi za nchi kavu, siyo matete. Sikuipenda hali ile. Nikaokota kipande cha mbao karakanani, nikakichongoa, nikakigongea pale maji yalipoishia.

"Mama, unapima kiwanja?" mwanangu akanicheka.

"Napima akili yako. Kila siku mkeo ataniambia kigingi kikoje."

Machi 20

Mvua. Mkwe kanipigia: kigingi kimelowa mguu.

Machi 24

Mvua. Kigingi kiko majini, kichwa kinaonekana. Nguo hazikauki. Nimemgombeza kila mtu leo, hata jogoo.

Machi 27

Leo nitaandika marefu, atakayesoma avumilie.

Ilikuwa mchana, mvua imepumzika. Nilikuwa jikoni napembua mchele. Mjukuu wangu alikuwa barazani, bomba lile walilolichomoa mbele ya Uwanda amelilaza juu ya meza ya kulia chakula (nimeshagomba, sirudii), analipasua kwa urefu kwa msumeno alioazima kwa mjomba wake. Siku zote hizo, tangu kabla mjomba wake hajajenga, alikuwa akilitoboa vitundu tu, anachota tope kidogo kidogo kwenda kulipima chuoni. Leo ndiyo kalifungua lote. Nikasikia msumeno umenyamaza. Nikasubiri uendelee. Haukuendelea.

Nikatoka na ungo mkononi. Amekaa chini, sakafu tupu, glavu zimejaa tope.

"Umejikata?"

"Hapana."

"Basi inuka, sakafu ina baridi."

"Bibi, vaa miwani uje uone."

Nikavaa. Lile tope limepasuka nusu mbili kama mkate. Huku jeusi, huku jeusi, katikati kuna mkanda mweupe mgumu kama majivu yaliyoloa yakakauka. Ndani ya ule mweupe kuna nyuzi nyuzi.

"Hii ni mizizi ya nyasi," akasema. "Hapa ndipo palipokuwa nchi kavu. Mizizi huelekea wapi?"

"Chini. Unaniuliza kama mtoto wa chekechea?"

Akaweka kidole kwenye mshale, kisha kwenye nyuzi. Zilikuwa nene upande wa chini, halafu zinagawanyika, zinakuwa nyembamba, nyembamba, zinapanda kuelekea mshale unakoangalia. Kuelekea juu.

"Ehe," nikasema, "nyasi zako zimeota vichwa chini." Nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka.

"Nyasi ziko sawa, Bibi," akasema. "Mshale ndio uko kichwa chini."

Akanieleza, na sauti yake ilikuwa ndogo kama ya siku ile nilipomwambia mama yake hatarudi. Mshale huchorwa palepale mashuani, bomba likiwa bado limesimama. Hiyo ndiyo sheria yao, hata kabla ya kufuta mikono. Siku ile iliwakuta mvua ya upepo. Plastiki imelowa, wino haushiki, mashua inayumba. Akasema nitauchora tukifika nchi kavu. Mabomba yakapokezanwa mikono kutoka mashuani, yakalazwa mchangani. Akauchora. "Nilidhani nakumbuka," anasema. "Bibi, nilikuwa na hakika kabisa."

Kisha akazishika zile nusu mbili, akazigeuza. Kitendo kidogo hivyo, kama kugeuza samaki kikaangoni. Na habari yote ikageuka.

Sasa chini ni tope jeusi la maji marefu. Linapauka kidogo, linapauka tena, mpaka linakuwa jeupe. "Hapa ziwa linaondoka," akasema. "Polepole." Kama nilivyoliona mimi likiondoka. Halafu juu ya mizizi hakuna polepole yoyote. Pamekatwa kama kwa kisu. Mchanga, vipande vya konokono, na papo hapo tope jeusi tena.

"Na hapa?"

"Hapa linarudi."

"Kwa muda gani?"

Akafunua mchanga kidogo kwa ncha ya kisu. Kulikuwa na majani ya nyasi yamelazwa, yamebanwa, mpaka leo yana umbo lake. "Hazikupata hata muda wa kuoza," akasema. "Msimu mmoja."

Nilimwaga mchele. Sikuokota. Nilikwenda uani nikatazama chini, nikaona mabati yote yale, na moshi wa watu wanaopika. Halafu mvua ikaanza tena.

Liliondoka kama mgeni. Litarudi kama mwenye nyumba.

Machi 28

Mvua. Kampigia simu Profesa wake, mkubwa wa kazi yake, aliye safarini. Nimesikiliza kwa sababu simu yake inapayuka. Profesa anasema bomba moja si ushahidi. Anasema kosa la mshale ni aibu kwa chuo. Anasema asiseme neno kwa yeyote mpaka arudi mwezi ujao, wapime upya, waandike.

"Mwezi ujao," nikamwambia alipokata. "Na ziwa limekubali kumsubiri?"

"Bibi, huelewi. Nikisema tena nikakosea tena, nani ataniamini maisha yangu yote?"

"Na usiposema?"

Akaingia stoo akafunga mlango. Nilimwita mwoga kwa sauti ya kusikika. Nadhani alisikia.

Machi 30

Mvua. Tumekwenda kwa mjomba wake. Mimi ndiye niliyemburuta. Amebeba zile nusu za bomba kwenye taulo kama kitoto kichanga.

Mwanangu alikuwa karakanani anapiga randa ubao. Alimsikiliza mpwa wake mpaka mwisho bila kusimamisha mkono. Kisha akasema, "Mwaka jana matope yalisema polepole. Mwaka huu yanasema haraka. Mwakani yataomba chai?"

"Mjomba, nilikosea mimi, siyo matope."

"Ulikosea lini? Ulipokuwa na hakika, au leo ukiwa na hakika tena?"

Mtoto wa watu machozi yakamlengalenga. Nikaingilia, "Ongea naye vizuri, huyo ni damu ya dada yako!"

"Mama, niongee vizuri vipi? Watu wale nimewawekea milango kwa neno lake. Leo nikagonge milango ileile, nimwambie mtu aliyeweka jasho lake lote pale, samahani, bomba lilikuwa kichwa chini? Watanifukuza kwa mawe, na mimi ningewafukuza."

Alisema kwa kicheko. Lakini nilimtazama mkono. Ule ubao ulikuwa umeshalainika zamani, unateleza kama sabuni, na yeye bado anaupiga randa, anaupiga, maranda yanaanguka membamba kama karatasi. Marehemu baba yake alikuwa hivyohivyo. Akiogopa, anafanya kazi.

Njiani kurudi nimempa mjukuu wangu mkono wangu aushike. Nilimwambia ni kwa sababu ya goti.

Aprili 1

Mvua.

Aprili 2

Mvua.

Aprili 4

Mvua. Kigingi hakionekani. Mkwe anasema labda watoto wamekichomoa. Labda.

Aprili 6

Hakuna mvua. Tumeanika kila kitu. Kwa siku moja nimefikiri labda nimezeeka tu, naogopa kivuli changu.

Aprili 8

Mkwe kapiga simu ana furaha. "Mama, kisima chetu kimejaa! Zamani kamba yote ilikuwa inaishia humo, sasa nainama tu nachota kwa kata!"

Nikakaa kwenye kiti. Nikamwambia vizuri, mwanangu. Ningemwambia nini? Anashukuru. Kumbe maji hayaji kwa mbele tu, pale ulipogongelea kigingi ukawa unayalinda kama mwizi. Yanapanda toka chini, chini ya nyumba, chini ya kitanda cha watoto, na wao wanayachota na kuyanywa.

Nimemwambia mjukuu wangu. Amefumba macho tu.

Aprili 9

Mvua kubwa. Nimewaomba waje walale kwangu, watoto peke yao hata. Mwanangu anasema ana madawati ya shule ya kumaliza, na mama yao hawezi kukaa bila wao. Nimesema maneno ambayo siandiki.

Aprili 11

Mvua. Simtukani tena mjukuu wangu, nataka iandikwe. Nimemkuta stoo, taa inawaka mchana kutwa, amepasua bomba la pili, lile walilolichomoa siku nyingine, siku ya jua, mshale wake umechorwa mashuani kama inavyotakiwa. Amelala kifudifudi karibu nalo, pua inakaribia kugusa tope.

"Mizizi?" nikauliza.

"Inashuka."

"Na juu yake?"

"Kisu kilekile."

Nikamletea chai. Nikakaa juu ya gunia la mkaa. Kule stoo kuna harufu ya ziwa, harufu ya zamani, nilikuwa naichukia. Nikamuuliza anaogopa nini, ashakuwa na uhakika sasa. Akasema, "Nikiwaambia, watahama kwa neno langu, wataacha kila kitu. Walikuja kwa neno langu. Bibi, mimi ni nani?" Nilimfuta tope shavuni kwa mate, kama zamani. Hakukataa.

Aprili 13

Mvua.

Aprili 14

Mvua. Naamka, natazama mabati. Yapo.

Aprili 16

Mvua. Yapo.

Aprili 17

Mvua asubuhi, jioni kimya. Vyura Uwandani wanalia mpaka huku. Ni wengi mno. Nimefunga madirisha.

Aprili 19

Kikombe kikavu. Anga bluu, halina hata wingu la kufutia kamasi. Niandike vizuri hapa, kwa maana watu watasema ilikuwa mvua.

Mkwe alipiga simu tunakunywa chai. Anaongea kwa kunong'ona kana kwamba maji yanasikia. "Mama, karakana inatoka jasho."

Hatukumaliza chai. Mjukuu wangu alinishika kiuno tukateremka, sijui goti lilikuwa wapi, leo halikusema kitu. Jua linawaka. Uwandani watu wanaanika magodoro, wanasalimia, "Bibi, leo afadhali!" Nikasema afadhali. Nilitazama nyayo zangu. Kila nilipokanyaga, ardhi ilizama kidogo kama mkate uliolowa, na nikinyanyua mguu alama yangu inajaa maji yenyewe, taratibu, maji safi.

Karakanani sakafu ya saruji ilikuwa imepata ufa mmoja mrefu toka mlangoni mpaka kwenye benchi, na kwenye ule ufa maji yanachemka kimyakimya, tena baridi. Yametandaa kote. Vumbi la mbao linaelea juu, linajizungusha. Maranda yanaelea. Madawati ya shule yamesimama humo kama ng'ombe wanaokunywa. Mwanangu yuko katikati, maji yamefika vifundoni, randa mkononi.

"Ni mvua za juzi tu," akasema. Hakuna aliyemuuliza.

"Leo kikombe changu kikavu," nikamwambia. "Nimekitazama mwenyewe."

"Yatashuka."

Ndipo tukasikia kicheko. Kinatoka chumbani kwao. Mkwe wangu akakimbia, nami nyuma yake. Yule mdogo anayetambaa alikuwa katikati ya chumba, amekaa ndani ya maji mpaka kiunoni, anayapiga kwa viganja, paa, paa, na kila yanaporuka anacheka. Alipotuona akanyoosha mikono ili atuonyeshe. Amefurahi! Nyuma yake, chini ya kitanda, viatu vya dada yake vinatembea vyenyewe.

Nilimnyakua. Alikuwa baridi kama samaki. Nilimfunga kifuani kwa kanga yangu, nikahisi moyo wake unakwenda polepole, na wangu unataka kutoka mdomoni. Nimezaa, nimezika, nimelala njaa, sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa kile kicheko.

Mwanangu alisimama mlangoni akaona. Mara moja katika maisha yangu nilinyamaza. Alitazama maji, akamtazama mpwa wake, ambaye naye hakusema nilikwambia. Akaweka randa dirishani. Akachukua bisibisi, akaanza kufungua bawaba. Alianza na mlango wa chumba cha watoto.

Aliing'oa milango yake yote. Akaipakia kwenye mkokoteni na magodoro juu na watoto juu ya magodoro, tukaanza kupanda. Na hapa ndipo naandika kwa hasira. Jirani wa kwanza, fundi cherehani, alitoka na futi shingoni. "Seremala, unahama?"

Mwanangu akatabasamu. Meno yote nje. "Wapi! Nafanya matengenezo."

"Aa. Nikafikiri ziwa!"

"Ziwa lipi bwana."

Na fundi cherehani akacheka, akarudi ndani, akafunga mlango wake ambao mwanangu aliutengeneza. Na wa pili vilevile. Na wa tatu. Mjukuu wangu alikuwa anasukuma mkokoteni nyuma, kichwa chini, midomo imebanwa. Nilisubiri aseme. Nilijisubiri na mimi niseme. Mtoto alikuwa anatetemeka kifuani kwangu, na mimi nikasema moyoni, kwanza huyu, kwanza huyu nimfikishe. Tukapita.

Aprili 20

Kikombe kikavu tena. Wapo wote kwangu. Milango imeegemezwa ukutani sebuleni, nyumba imekuwa kama duka. Mtoto amekunywa maziwa na amelala, yu mzima. Nimemgusa paji la uso mpaka mama yake kaniambia, "Mama, utamchubua."

Nilitegemea leo nitatulia. Nilitoka uani kutazama mabati. Yapo. Lakini kati ya nyumba na nyumba, mahali palipokuwa na njia, panang'aa. Bati na maji vinang'aa sawasawa, huwezi kutofautisha. Na moshi unatoka. Wanapika. Nimeona mwanamke, mdogo kama sisimizi kutoka huku, ameinama mlangoni anafagia. Anafagia maji nje. Anafagia, yanarudi, anafagia.

Nikaona zile nyasi kwenye bomba. Zilizolala na umbo lake.

Nimeingia ndani. Mwanangu yuko mezani, anachora kitu cha kurekebisha sakafu, Mungu wangu, sakafu ipi. Mjukuu wangu anatazama simu, Profesa ameandika anarudi wiki ijayo, watulie. Nimechukua simu nimeiweka ndani ya sufuria na kifuniko juu.

"Bibi!"

"Nyamaza. Jana nilikupa nafasi ukainamisha kichwa. Na mimi niliinamisha. Leo hakuna."

"Mama, watu wale ni wazima, wana macho," akasema mwanangu.

"Na wewe ulikuwa na macho. Ulihama ulipomwona mwanao majini. Unataka kila mmoja amwone wa kwake?"

Akakunja ile karatasi.

Basi naandika, na ninawasomea kwa sauti huku naandika, asije mtu akasema hakusikia. Wewe Daktari wa Matope, vaa viatu vya mpira. Chukua bomba, nusu zote mbili, funga kwa kanga yangu hii isidondoke, na mshale ule wa zamani usiufute, waone ulivyokosea. Wewe Seremala, beba kisanduku chako cha vifaa, uende naye, na lile tabasamu uliache hapa juu ya meza. Msianze na fundi cherehani kwa kuwa ni rafiki. Anzeni na nyumba ya mwisho, iliyo karibu zaidi na maji, kwa yule mwanamke mwenye ufagio. Mjukuu wangu, sema kwanza, "Nilikosea." Usitafute neno lingine la kisomi. Kisha mwonyeshe mizizi. Kisha mwanangu, ukubaliwe au utukanwe, mfungulie mlango wake, umpakilie mkokoteni, uende wa pili. Atakayewarushia mawe mleteni kwangu, atakuta chai.

Mimi nahamisha magunia stoo, tuwe na mahali pa kulaza watu.

Nendeni sasa, jua lingali juu. Na hilo bomba lishikeni vizuri.